Kiungo cha Bomba Kilichotupeleka Kitengela

Ewuaso Kedong hupitiwa na mambo makubwa. Laini ya umeme ya kilovolti 400 inayounganisha Suswa na Isinya imekatiza Kajiado Magharibi juu ya minara ambayo mbuzi hukimbilia kivuli chake saa sita mchana. Suswa ndiko unakotua umeme wa upepo wa Loiyangalani, mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, iliyounganishwa na gridi ya taifa Septemba 2018. Reli ya SGR nayo hutokeza kwenye handaki la Ngong, lenye urefu wa kilomita nne na nusu, ikashuka Bonde la Ufa kuelekea Maai Mahiu na Suswa. Treni ya abiria ilizinduliwa Oktoba 2019. Hayo yote hupita. Kinachomsumbua mwenye boma huku ni kiungo cha plastiki cha inchi moja na nusu, kile kinachoshika bomba chini ya tangi la maji. Ukikiulizia sokoni Ewuaso utaonyeshwa cha inchi moja, kisha utaambiwa ujaribu Ngong.

Bonde hili limezoea wapita njia. Misafara ya kwenda Uganda ilivuka Kedong miaka mingi kabla ya lami. Novemba 1895 msafara mkubwa wa wapagazi, wengi wao Wakikuyu na wengine Waswahili, ulishambuliwa humu na Wamaasai ukirejea kutoka Eldama Ravine. Mamia waliuawa. Andrew Dick, mfanyabiashara Mskoti aliyejitwika kulipiza kisasi, naye aliuawa. Waingereza walipochunguza, waliona msafara ndio uliowachokoza wenyeji. Shangazi yangu, aliyezaliwa na kuzeeka bondeni humu, hana maneno mengi juu ya kisa hicho. Husema wageni wapite, ila wapite na adabu.

Wiki ninayoisimulia ilikuwa ya Februari. Mvua za vuli zilikuwa zimesahaulika, za masika hazijaonekana hata wingu, na vumbi lilikuwa limeingia mpaka kwenye bakuli la sukari. Kiangazi cha Kajiado kina ratiba yake: alfajiri punda wanabebeshwa mitungi ya lita ishirini, mchana hakuna anayetembea pasipo sababu, na jioni mazungumzo yote ni ya maji na ya ng'ombe wa nani wamepelekwa wapi. Waliopitia ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana, hawalichukulii jua la Februari kwa mzaha. Lori la maji lilikuwa limefika bomani siku chache kabla na kulijaza tangi la shangazi, na yeye akawa analipapasa kila jioni kuhisi maji yamefika wapi, maana plastiki ya chini ya kiwango cha maji hubaki baridi.

Ndama ndiye aliyetuponza. Alinusa unyevu kwenye bomba, akaja kujikuna shingo hapo, akajikuna tena kwa nguvu zaidi, na kile kiungo cha chini kikakatika. Maji yaliruka hatua nne mbele. Kuku ndio waliofika wa kwanza, wakafuatiwa na mbuzi, wetu na wa jirani, kisha watoto waliokuwa na furaha isiyofaa kabisa. Shangazi alikimbia na kipande cha sabuni ya kufulia, akakikandamiza kwenye tundu. Hiyo ni dawa ya zamani ya tangi linalovuja, na kwa ufa mdogo hufanya kazi vizuri. Tundu la inchi moja na nusu si ufa. Zamani tungezungushia mfuko wa nailoni kwenye kigingi cha mti, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na sasa huipati hata ukiihitaji kwa jambo jema. Tulikata tyubu ya baiskeli, tukaivisha kigingi, tukakigongomea kwa jiwe. Maji yaliyobaki tangini yalifika usawa wa goti langu.

Hapa niseme neno juu ya maji yenyewe, kwa kuwa mtu wa mjini husikia tangi limepasuka akadhani ni suala la kujaza upya. Maji ya visima sehemu nyingi za Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja, na visima vingi vya ukanda huu huvuka hapo. Ndiyo sababu ya meno ya kahawia unayoyaona kwa watu waliokulia huku. Kuyachemsha hakusaidii, maji yakipungua kwa mvuke, floraidi hubaki palepale na kuzidi ukali. Kwa hiyo mwenye busara hutenga maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati kwa ajili ya chai na watoto wadogo, ya kisima yakawa ya mifugo na kufulia. Shangazi alikuwa amechanganya ya akiba ya mvua na ya lori katika tangi hilohilo moja, kwa sababu ndilo alilo nalo. Kilichomwagika, basi, ni maji ambayo lori haliuzi.

Asubuhi iliyofuata tulipanda gari la Ngong. Shangazi hakukubali niende peke yangu. Alikuwa na risiti ya tangi, iliyokunjwa ndani ya kitambaa pamoja na kitambulisho chake cha taifa, na alikuwa na orodha kichwani: kiungo, dawa ya kupe, shanga nyeupe za saizi ndogo, miwani ya kusomea, na hicho kitambulisho chenyewe, ambacho kilifuliwa pamoja na shuka mpaka picha ikafutika na wakala wa M-Pesa akaanza kukitilia shaka.

Barabara hupanda kupitia Kimuka, na ukikaribia juu unaiona mitambo ya upepo kwenye Milima ya Ngong. Ya kwanza ilisimikwa 1993, na leo kituo kizima kina uwezo wa megawati 25.5. Jambo la kuchekesha ni kwamba usiku uliotangulia umeme ulikuwa umekwisha bomani, na tokeni tuliyonunua kwa simu haikuingia. Kidude cha kubonyezea kilikuwa kimezima, betri zake zimevuja kutu ya kijani. Kwa hiyo tulikuwa na tarakimu ishirini za umeme halali, zimelipiwa, zimeandikwa nyuma ya daftari la mtoto, na hatuna pa kuzibonyeza. Betri mbili ndogo zikaongezwa kwenye orodha.

Ngong kuna kila kitu, na katika maduka ya vifaa vya ujenzi tuliyoingia tulikuta viungo vya inchi moja na nusu vya kila rangi. Hakuna kilichokubali. Nyuzi za tangi letu zilikuwa za mtengenezaji wake, na kila muuzaji alikijaribisha kile kilichovunjika, akakizungusha nusu mzunguko, kikakwama. Mmoja alitupa ushauri wa bure ambao naupitisha kwako: ukienda kununua kifaa cha bomba, beba kile kilichovunjika chenyewe, usije na picha ya simu. Watu humwonyesha picha, akauza kwa kukadiria, kesho wanarudi kugombana.

Risiti ilisema Kitengela. Tangi lilinunuliwa huko mwaka shangazi alipokwenda kukaa kwa binti yake aliyejifungua, na duka liliahidi waranti ya miaka kadhaa. Shangazi hasahau ahadi.

Kutoka Ngong tulishuka Kiserian, tukabadilisha gari, tukaifuata barabara ya Isinya ambayo wengi huiita Pipeline. Upande wa kulia mitambo ya upepo ya Kipeto inazunguka taratibu, sitini kwa jumla, megawati 100, ikipeleka umeme wake Isinya. Hapo kati kuna nyika ambayo zamani haikuwa na uzio. Ranchi ya jumuiya ya Kitengela iligawanywa kuwa mashamba ya watu binafsi mwaka 1988, na tangu hapo kila mwaka seng'enge imeongezeka na njia za nyumbu na punda milia zimepungua. Simba ndio waliolipa zaidi. Juni 2012 sita waliuawa Ilmasin baada ya kuvamia zizi, na Machi 2016 simba aliyeitwa Mohawk alipigwa risasi karibu na Isinya. Utingo wa gari letu alikuwa kijana wa Isinya. Alimsalimia shangazi, "Takwenya, yeyo," naye akaitikia, "Iko," na kuanzia hapo hatukubanwa na mzigo wa mtu yeyote mpaka tuliposhuka.

Kitengela ni mji wa barabara. Barabara ya Namanga inaupasua katikati, na maisha yote yamejipanga pande zake mbili: matangi meusi na ya bluu yamepangwa juu ya paa za maduka, milango ya chuma inapakwa rangi kando ya mtaro, godoro linabebwa kwa bodaboda na abiria amelikumbatia. Mwenye smokie na mayai anasukuma kigari chake katikati ya malori ya saruji bila kuinua macho. Sensa ya 2019 iliuhesabia mji huu watu zaidi ya 150,000, ilhali Kajiado, yaliko makao makuu ya kaunti, haikufika 30,000. Ukizijua hizo namba mbili utaelewa kwa nini mtu wa kaunti hii akikosa kitu husema "nitakipata Kitengela", wala hataji Kajiado.

Dukani tulimkuta kijana mpole mwenye kalamu sikioni. Aliisoma risiti, akakipokea kiungo, akakigeuza.

"Mama, hii si ya tangi. Hii ni ya bomba. Waranti ni ya tangi."

"Tangi lisilo na mdomo ni tangi la nini, mwanangu?"

"Mama, ingepasuka mwilini tungekubadilishia leo hii."

"Kwa hiyo ndama angelipiga pembe ubavuni ndiyo ningekuwa na haki?"

Kijana akacheka, wateja wawili wakacheka, na msimamizi akatoka ndani kuona kuna nini. Waranti ilibaki ilivyoandikwa, na nikiwa mkweli, kijana alikuwa sahihi kwa maandishi yake. Lakini kiungo kilikuwepo, kikaingia kwenye nyuzi kwa mkono mtupu bila kulazimishwa, na tukaongezewa utepe mweupe wa kuzungushia pamoja na mpira wa kuzuia kuvuja bila malipo. Bei yake haikufika nusu ya nauli ya mtu mmoja kuja hapo. Nilikishika mkononi nikakitazama vizuri: kikombe cheusi chenye nati pana, uzito wa yai. Kwa kipande hicho tulikuwa tumezunguka Milima ya Ngong na kuvuka nyika nzima.

Kwa kuwa siku ilikuwa imekwisha, tulilala kwa binti wa shangazi. Yeye hushona nguo katika kiwanda kimoja cha eneo la EPZ kule Athi River, eneo lililoanzishwa kwa sheria ya 1990, na hutoka nyumbani kabla jua halijachomoza ili msongamano usimkate mshahara. Tulimkuta amekasirika. Mwanawe wa kiume alikuwa ameifungua redio kwa kisu cha mezani na vipande vilikuwa vimepangwa juu ya gazeti kwa mpangilio ambao yeye peke yake aliuelewa. Nilimtetea, kwa sababu upande huu wa nchi una mfano wake. Richard Turere, mtoto wa Kimaasai aliyekulia kando ya Mbuga ya Nairobi, aliwahi kuifumua redio mpya ya mama yake na akaponea chupuchupu. Akiwa na miaka kumi na moja hivi, amechoka kuona ng'ombe wa nyumbani wakiliwa na simba, aligundua kwamba simba huogopa taa inayotembea. Alichukua betri kuukuu ya gari, paneli ya jua, taa za tochi na kidude cha indiketa ya pikipiki, akatengeneza taa zinazomwekamweka kulizunguka zizi usiku kucha. Mwaka 2013 alisimama jukwaani Marekani, kwenye mkutano wa TED, kueleza alivyofanya. Binamu yangu alisikiliza, akasema huyo ni Turere, huyu wake hata skrubu hajui zimeenda wapi. Skrubu mbili zilipatikana chini ya kochi. Redio haikuongea tena.

Kesho yake tulizurura. Kuzurura Kitengela kuna raha yake ukiwa huna haraka, na shangazi, kinyume na nilivyotarajia, ndiye aliyekuwa hana. Alisimama kwenye kila rundo la mitumba kuanzia mahali paitwapo Yukos kwenda chini, akainua mashati, akayapima kwa macho, akayarudisha yakiwa yamekunjwa vizuri kuliko alivyoyakuta. Miwani aliichagua kwa kusoma maandishi ya pakiti ya chumvi aliyotoka nayo nyumbani. Muuzaji alimletea kitabu chake cha kujaribia, akakikataa, maana yeye hasomi vitabu, husoma pakiti. Dawa ya kupe aliinunua kwenye agroveti baada ya kuuliza tarehe ya mwisho mara mbili. Shanga alizikagua juani. Shanga nyingi za kioo ambazo wanawake wa Kimaasai hushonea hutoka Ucheki, na siku hizi za China zimejaa kwa bei nafuu; yeye huzitofautisha kwa kuzimwaga kiganjani na kuzisukuma kwa kidole gumba. Za Ucheki zinalingana tundu na unene. Za bei nafuu moja nene, moja nyembamba, na mkufu ukikamilika hukunjamana. Muuzaji alijaribu kumpunja kwa kumwita "shosho wangu". Alimrekebisha kwamba yeye si shosho wa mtu wa Kitengela, kisha akanunua kwa bei yake mwenyewe.

Kajiado tulikwenda kwa ajili ya kitambulisho, na sina mengi ya kusema juu ya mji huo, kwani huko mtu huenda kupanga foleni. Treni ya magadi hupita hapo kwenye njia ya Konza hadi Magadi iliyojengwa kati ya 1911 na 1915, tukaisikia tukiwa kwenye benchi la Huduma Centre. Zamu ya shangazi ilipofika, kioo cha alama za vidole hakikumtambua. Vidole vilivyokama, vilivyobeba kuni na kusukuma sindano ya shanga miaka hamsini havina tena mistari ya kuonekana. Afisa, msichana mwenye subira, alimpangusa kila kidole kwa kitambaa chenye maji, akakibonyeza kwa wake juu ya kioo, akajaribu cha kushoto, akarudia gumba. Mwishowe ikakubali. Aliambiwa asubiri ujumbe, na kwamba kadi ataifuata palepale.

Hapo ndipo shangazi alipohesabu kwa sauti: gari la Ngong, la Kiserian, la Isinya, la Kajiado, na kurudi. Kwa kadi iliyo tayari. Hakulalamika, alikuwa anapanga tu mbuzi gani auzwe.

Tuliporudi Ewuaso, fundi alikuwa anatungoja kivulini. Alitoa kigingi, akasafisha nyuzi kwa mswaki wa zamani, akazungusha utepe kuelekea upande wa kufungia, akakaza nati kwa mkono kwanza na spana baadaye, nusu mzunguko tu, akisema plastiki haikazwi kama chuma. Kazi haikuchukua muda wa chai kuchemka. Ndama alifungwa mbali, na bomba likafukiwa kwa mawe hadi usawa wa tangi. Tokeni nayo iliingia mara ya kwanza baada ya betri mpya. Tarakimu zote ishirini, mtoto akizisoma kutoka daftarini kwa sauti ya darasani.

Sidai kwamba kila kijiji kiwe na duka lenye nyuzi za kila tangi. Biashara hufuata watu, na watu wako Kitengela, Rongai na Ngong. Lakini kuna mambo katika safari ile ambayo si ya biashara. Alama za vidole zaweza kuchukuliwa Ewuaso kwa mashine inayobebeka kwenye mkoba. Maji ya visima yanaweza kupimwa na majibu yakaandikwa kwenye ubao ukutani kwa chifu, ili mama ajue kisima kipi ni cha chai na kipi ni cha ng'ombe. Na kijana mmoja aliyefundishwa ufundi bomba, mwenye sanduku la viungo vya matangi yanayouzwa zaidi kaunti hii, angetuokolea wiki nzima.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa kwa wananchi kila mwaka kabla ya kupitishwa na bunge la kaunti. Katiba ya 2010 inataka hivyo. Mikutano ya wadi huitwa, na mara nyingi tunaokwenda huko tunaomba barabara, kisha tunapewa changarawe na tunarudi nyumbani. Wenzangu wa Ewuaso, safari ijayo tuombe na haya madogo: siku moja kwa mwezi ya maafisa wa Huduma sokoni kwetu, na majibu ya maji ya kila kisima cha umma. Shangazi amesema atakwenda kuyasema mwenyewe, akishapata kadi.